Sarafu Nyeusi za Wifi

Wewe unayenisikiliza, vuta kigoda ukae, maana kazi ya wifi yangu haielezwi kwa haraka.

Kahawa yake ilikuwa karibu kuiva na hakuwa na mashine ya kuimenya. Msimu uliotangulia aliazima ya jirani, akasubiri zamu mpaka kahawa ikachacha kwenye magunia. Safari hii alishuka Mbamba Bay kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akarudi Mbinga na ndoo ya sarafu za kigeni: za Malawi, za Msumbiji, na nyingine za nchi tusizozijua.

"Wifi, umenunua misumari?" nilimtania.

"Cheka tu. Utakuja kuomba kumenya kahawa kwangu."

Alitafuta humo zilizo za madini ya fedha, aziuze apate mashine. Kwanza alipitisha sumaku ya spika mbovu, zilizonasa akazitenga. Zilizobaki akazitazama ukingoni: palipoonekana wekundu wa shaba, hiyo ilipakwa fedha juu tu. Za mwisho akaziwekea vipande vya barafu. Juu ya madini ya fedha barafu huyeyuka upesi, kwa sababu fedha hupitisha joto vizuri. Nilimtazama siku nzima nisichoke. Zikapatikana chache, nyeusi kama kitako cha sufuria.

Kesho yake, mnunuzi wa sarafu za kale akitarajiwa mchana, tulikwenda shambani. Mama mkwe, mama yake wifi, alibaki nyumbani. Yeye amekulia ufukweni, ambako vyombo husuguliwa kwa mchanga na majivu, akaona aibu mgeni aonyeshwe uchafu. Tuliporudi, sarafu kubwa kuliko zote iling'aa kama kijiko kipya.

"Nimewasaidia," alisema. "Hizo nyingine ndiyo naanza."

Wifi alizichukua zilizobaki taratibu.

Mnunuzi alifika kutoka Songea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akainua ile inayong'aa, akaguna. "Hii imekwaruzwa. Nitainunua kwa uzito tu." Zile nyeusi akazipa bei nzuri.

"Yaani mwanangu, unataka uchafu?"

"Ndiyo, mama. Huo ndio ngozi yake."

Wifi akacheka mpaka akakaa chini. Zile nyeusi zilitosha kununua mashine iliyokwisha tumika, si mpya aliyoitamani. Ile ya kung'aa hakuiuza; alimpa mama yake. Kahawa ilipoiva, wa kwanza kuomba kumenya nilikuwa mimi.

Nawe ukiokota sarafu nyeusi, ishike ukingoni, usiisugue, ifunge kwenye karatasi kavu.