Nguzo ya Juu ya Kijito

Wanawake wa Rusimbi walishakubaliana kwamba mzee Telesphory analinda mali iliyofukiwa na Mjerumani. Mtu mzima na akili zake hawezi kuvaa koti la mvua kila wingu linapotanda, akapanda bodaboda mpaka Kidahwe, akakaa kando ya kalavati akitazama maji, kisha akarudi na matope mpaka magotini. Walimtania akipita: "Mwakeye, mzee! Sanduku bado lipo?" Naye hujibu kwamba lipo, akacheka kidogo, akaingia ndani. Kicheko chenyewe kilikuwa cha mdomoni tu.

Na kwa kweli hawakukosea sana. Alikuwa amezika kitu.

Miaka tisa nyuma alikuwa nyapara wa wachimba mitaro. Kampuni ya kwanza ilipitisha bomba la mkongo wake wa mawasiliano chini kabisa, ubavuni mwa kalavati, na pale walipambana na mwamba siku kumi na moja. Mwaka uliofuata ikaja kampuni ya pili. Hiyo ilitaka bomba lake livuke kijito juu zaidi, hatua mia mbili kutoka la mwenzake, ili moja likipatwa na janga jingine lipone. Huko juu nako mwamba ule ule. Mvua zilikuwa zimekaribia, vibarua wako hoi, msimamizi yuko mjini anakunywa soda baridi. Telesphory akamtazama Mwinshehe, mtu wa Ujiji aliyekuwa mkono wake wa kulia, akasema, "Turudi kwenye shimo letu la zamani."

Wakalilaza bomba la pili ubavuni mwa la kwanza. Huko juu wakachomeka nguzo ya alama mahali pasipo na bomba chini, na kwenye ramani Telesphory akachora mstari ukipita pale kwenye nguzo. Wakaapa kufunga midomo, wakaenda kula migebuka. Siku ile walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Ubaya ni kwamba alikuwa na binti, na binti alisoma. Melania alirudi Kigoma akawa mtaalamu wa mtandao wa hospitali, na kwa miaka miwili alizibana kampuni zile hadi zikamwita king'ang'anizi. Siku zilipokubali alimweleza baba yake mezani, tonge mkononi.

"Baba, mtandao wa jirani, yaani wa kampuni uliyojiunga nayo, unazijua njia nyingi za kufika Dar, ila unakupa moja tu, ile inayoupendeza wenyewe. Ikifa, unakaa unasubiri. Sasa tumekubaliana: nikisema nipe njia isiyopita pale kalavatini, wananipa. Kazi za kawaida zinapita huku, chumba cha upasuaji kinapita kule. Moja ikikatika, ya pili inabeba hapo hapo."

"Na unajuaje kama ni mbili kweli?"

"Si zipo kwenye ramani!"

Mzee aliikumbuka kalamu aliyoichorea ramani ile. Tangu siku hiyo akaanza safari zake za mvua, kana kwamba kulitazama shimo kungelifanya liwe mawili.

Mwezi huu Mwinshehe alionekana ana uvimbe kichwani. Daktari wa hapa angempasua huku bingwa aliye Dar akifuatilia kwenye skrini na kumwelekeza kila hatua, maana kazi ile hajawahi kuifanya peke yake. Telesphory alikwenda kumwona wodini. Mgonjwa alimshika mkono.

"Yale mabomba yetu. Umemwambia mtoto?"

"Nitamwambia."

"Mwambie kabla sijaingia mle ndani, ndugu yangu. Nakuomba."

Alikuwa na siku nne. Hakusema hata moja. Asubuhi ya upasuaji Melania alikunywa chai amesimama. "Wajenzi wa barabara wanapanua kalavati," alisema. "Saa nne watalikata bomba la chini. Nimewaomba waahirishe, wamekataa, na bingwa naye ana leo tu. Si kitu, la juu litabeba." Telesphory alifungua mdomo. Binti akatazama saa, akasema, "Baadaye, baba," akatoka.

Alimpigia mara tatu. Simu ilikuwa imezimwa. Hospitali ilikuwa karibu, angefika hata kwa miguu. Akaita bodaboda, akasema Kidahwe. Na tuseme ukweli: aliona ni nafuu kusimama mbele ya mashine kuliko mbele ya mwanawe.

Alikuta katapila limeshachota mara mbili. Kando ya kijito palikuwa na shimo jipya, na ndani yake mabomba mawili, jeusi na la rangi ya chungwa, yakining'inia bega kwa bega, udongo wa chini yao umekwisha. Aliruka shimoni akajiegemeza chini yao, akayabeba kwa bega.

"Mzee, toka humo! Huoni ukingo unamomonyoka?" Abdulatif, msimamizi wa kazi, alipiga kelele. "Hayo yote ni ya njia ya chini, tuna ruhusa ya kuyakata. La pili liko kule juu, si unaiona nguzo?"

"Nguzo niliichomeka mimi. Chini yake hakuna kitu. Yote ni haya."

Abdulatif aliyatazama mabomba, akaitazama nguzo, akamwashiria dereva azime mashine. Alipiga simu hospitali, akaomba Melania aitwe, kisha akashuka akamshikia mzee simu sikioni.

"Baba?"

"Mwanangu. Ni shimo moja. Ni mimi niliyefanya."

Alingoja matusi, na angeyapokea kwa furaha.

"Daktari ameshafungua kichwa," Melania alisema, sauti imekauka. "Zimebaki saa tatu amalize. Usiyaachie."

"Siachii."

"Mzee Mwinshehe, kabla hawajamlaza, aliniambia nikuulize kama umeshaniambia. Nikadhani anaweweseka. Nikamjibu ndiyo, baba ameshaniambia, ili atulie. Akatabasamu, akafumba macho."

Simu ilikatwa. Abdulatif alikuwa akiwaita vibarua walete magogo ya kuegemeza, lakini mwenyewe alikuwa akitazama upande wa Kasulu, ambako mlima ulikuwa haujaonekana tangu asubuhi kwa sababu ya mvua. Telesphory hakuhitaji kutazama. Kijito kile alikuwa amekikalia misimu mingi, alijua kinaanzaje kufurika. Maji yaliyokuwa yakimpita kwenye vifundo vya miguu yalikuwa yamegeuka mekundu.

Akajisogeza zaidi chini ya mabomba, akaanza kuzihesabu zile saa tatu.