Mabomba Kumi na Manne ya Kifuniko cha Bluu

Muhuri niliuchongesha wiki ileile niliyofungua duka la pembejeo pale Manundu, kabla hata sijapanga mbegu kwenye shelfu. Ulikuwa na maneno matatu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Karibu kila duka la Korogwe nililolijua lilikuwa na maneno hayo, kama si kwenye risiti basi ukutani, na mimi kama mwanamke sikutaka kuonekana mgeni wa biashara. Nilikuwa naugonga kwa nguvu mpaka kaunta inatikisika. Mteja akirudi kulalamika simwangalii hata usoni, namwonyesha tu risiti yake kwa kidole. Leo naona haya kuyasema, lakini siku zile nilijiona mfanyabiashara kwelikweli.

Duka liliposimama nikajiandikisha chuo, stashahada ya biashara, masomo ya jioni. Uhasibu niliumudu, masoko niliyamudu. Kilichonitoa jasho ni Sheria ya Biashara, hasa mada ya sheria ya madhara, yaani yale makosa ambayo polisi hawakukamati kwayo wala hujavunja mkataba na mtu, lakini umemuumiza kwa uzembe wako na sheria inakutaka umfidie. Mwalimu wetu alikuwa mzee mpole mwenye sauti ya chini, na alitupa jaribio lenye swali moja. Mama amenunua kiti cha plastiki dukani. Jirani yake amekuja kumtembelea, amekikalia, mguu wa kiti umekatika kwa ubovu wa kiwandani, jirani ameumia kiuno. Je, jirani ana madai?

Niliandika kwamba hana. Hakununua yeye, hana risiti, na mali ikishauzwa hairudishwi. Hayo maneno ya mwisho niliyapigia mstari. Karatasi ilirudi na sifuri nyekundu, nami nikasimama mbele ya darasa zima kubishana naye. Nilimwambia, kwa heshima za juujuu tu, kwamba biashara ya dukani haiendeshwi kwa vitabu. Aliningoja nimalize, kisha akasema, "Risiti inaonyesha nani alinunua. Haionyeshi nani ataumia." Darasa likaguna. Mimi nikakaa chini nimenuna, nikijisemea moyoni kwamba huyu mzee hajawahi kuuza hata kiberiti.

Hazikupita wiki tatu. Viwavijeshi walikuwa wameingia kwenye mahindi, duka limejaa watu wanaotaka dawa, akaingia mama mmoja wa Kizigua, wa miaka hamsini na kitu, kutoka vijiji vya ndani kupita Kabuku. Alikuwa anatembea upande upande, khanga kaishika kwa mbele ili isimguse mgongoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaweka juu ya kaunta bomba la kupulizia dawa, yale ya kubeba mgongoni. Lilikuwa na kifuniko cha bluu, na nililitambua mara moja kuwa ni la kwangu.

Alinieleza taratibu. Bomba lilikuwa la kikundi chao cha akina mama, mwenyekiti wao ndiye aliyekuja kulinunua, na wakawa wanapeana kwa zamu, kama watu wa huko wanavyofanya kwa bomba, kwa toroli na kwa sufuria kubwa za shughuli. Zamu ilipomfikia yeye, akiwa katikati ya shamba anapampu, mpira ulichomoka pale unaposhikwa na kibano chini ya tangi, dawa yote ikamwagikia mgongoni hadi kiunoni. Alilala hospitali siku tano. Nikadhani sasa atadai. Hakudai kitu. Alikuja kuniuliza alikosea wapi. Wenzake walikuwa wanasema ameharibu mali ya kikundi kwa kupampu kwa pupa, na walishaanza kuzungumzia kumtoa. Alikuwa mmoja wa walioanzisha kikundi hicho, na hakulala akiwaza kutolewa kama mzembe.

Nikamuuliza risiti iko wapi. Akasema anayo mwenyekiti. Basi nikamjibu, mbele ya wateja wote, "Mama, wewe hukununua kwangu. Aliyenunua ndiye aje."

Hakubishana. Alitikisa kichwa, akalifunga bomba lake kwenye khanga ya pili, akageuka kuondoka. Alipogeuka nikauona mgongo wake. Bendeji ilikuwa imelowa, imeshikana na blauzi. Hapo nikakiona kile kiti cha plastiki cha kwenye jaribio, na ile sifuri, na maneno niliyoyapigia mstari kwa majivuno. Niliona aibu iliyonishika mpaka masikioni. Nikamwita, nikamwomba asubiri.

Shelfuni yalikuwa yamebaki mabomba tisa ya aina ileile. Nikachukua moja, nikalijaza maji safi, nikalitoa nje mbele ya duka na kuanza kupampu. Sikufika mara ya kumi na tano, mpira ukachomoka na maji yakaruka hadi barabarani. Nikachukua la pili likashika, la tatu likachomoka. Kati ya tisa, sita yaliachia mbele ya macho ya wateja wangu. Yule mama alikuwa amekaa juu ya mfuko wa mbolea, ananiangalia tu.

"Kumbe si mimi," alisema.

"Si wewe, mama."

Akajifunika uso kwa khanga akalia, na mimi nikasimama pale na bomba linalovuja mkononi. Siku hiyo nilimpeleka hospitali kubadilishwa bendeji, na matibabu yake yote yaliyobaki nikayabeba mimi.

Jioni nilimfuata mwalimu kabla ya kipindi. Nilitegemea anikumbushe ile sifuri. Hakugusia kabisa. Aliuliza swali moja tu, yako mangapi huko nje. Nilikuwa nimeleta katoni mbili, mabomba ishirini na manne. Ukitoa tisa na lile la mama, yalibaki kumi na manne, yako migongoni mwa watu nisiowajua majina, na msimu wa kupulizia ndio kwanza umeanza. Mwalimu akaniambia kwamba mpaka jana ningeweza kusema sikujua, ingawa sheria ingeniuliza pia kama nilipaswa kujua. Kuanzia leo neno hilo sina tena. Atakayeungua kesho ataungua nikiwa najua. Usiku ule sikugusa chakula.

Kesho yake nilifunga duka, katikati ya msimu, majirani wakaniona nimechanganyikiwa. Nikakodi bodaboda yenye spika, tukaenda kwenye gulio la Mkumbara. Nilitangaza mpaka sauti ikakauka: mwenye bomba la kifuniko cha bluu alilete, atapewa jingine zuri, hadaiwi chochote. Hakuja mtu. Wengine walicheka wazi. Mzee mmoja aliniuliza ninagombea nini mwaka huu. Mama muuza nyanya alimweleza mwenzake, nikimsikia kabisa, kwamba hayo mabomba lazima yana kitu cha thamani ndani, ndiyo maana mwenye duka anayatafuta. Niliwaka kwa hasira, kisha nikajiuliza ningefanyaje mimi kama ningekuwa wao. Tangu lini mwenye duka akaomba arudishiwe ubovu wake?

Nilipokwenda Kabuku siku ya pili, yule mama alikuwa ananisubiri kando ya barabara kuu. Bendeji bado anayo, na nilimsihi apumzike, akakataa. Aliniacha nitangaze kidogo, akaona watu wanavyonipita, kisha akanyoosha mkono akataka kipaza sauti. Hakupiga kelele. Alisema kama anazungumza na mtu mmoja.

"Mimi ndiye niliyeungua. Mwenye duka amelijaribu bomba, amesema kosa si langu. Kama la kwako lina kifuniko cha bluu, usilipandishe mgongoni."

Kisha akawaita akina mama pembeni, nyuma ya kibanda, akawaonyesha mgongo wake. Walirudi, wakatawanyika kwenda kuyafuata mabomba. Kabla ya adhuhuri nilikuwa na mabomba matatu, na habari ikatembea kwa miguu yake yenyewe, misikitini, makanisani na kwenye simu. Kufikia Jumapili nilikuwa na kumi na moja. Nilikuwa pia na chupa mbili za chai zisizotunza joto, redio moja, na pasi ya mkaa ambayo mama mmoja wa Mkumbara aliileta kwa matumaini makubwa, ingawa aliinunua kabla mimi sijazaliwa. Pasi nilimrudishia. Redio nilimpelekea fundi, maana mwenyewe alishakata tamaa na mimi siku hizo nilikuwa siwezi kumkatalia mtu.

Matatu yalikuwa bado, lakini kulikuwa na jambo jingine lililonichoma. Mwenye duka la jumla la Tanga aliyeniuzia katoni zile alikuwa bado anayauza. Nilimpigia simu, akanijibu kwamba wakulima wetu hawajui kutumia vifaa, halafu akanikumbusha kilichoandikwa kwenye risiti yake. Mnakijua. Maneno matatu.

Basi nikapanda basi asubuhi, na kwenye shelfu yake mwenyewe nikachukua bomba moja jipya, halijafunguliwa hata nailoni. Dukani kwake kulikuwa na wateja kama kumi hivi, wenye maduka wenzangu kutoka wilaya mbalimbali. Nikasalimia, nikaomba ndoo ya maji. Nikalijaza bomba mbele yao, nikalivaa mwenyewe mgongoni juu ya gauni langu zuri, nikaanza kupampu. Yeye alikuwa anacheka, anawaambia watu wamwangalie mwanafunzi wa chuo. Nikapampu kumi, kumi na moja, kumi na mbili, mpira ukaachia. Maji yalinishuka mgongoni mpaka kwenye viatu, sakafu yake ikawa bwawa. Nilikuwa nimelowa chapachapa na sijawahi kuwa na furaha ya namna ile.

"Haya ni maji," nilimwambia. "Yule mama ilikuwa dawa. Kuanzia sasa na wewe unajua, na hawa wote ni mashahidi kwamba unajua."

Hakuna aliyecheka. Mteja mmoja alirudisha mabomba mawili kwenye kaunta, taratibu. Mwenye duka alijaribu tena habari ya risiti, ila sauti ilikuwa imepungua. Nilimweleza nilichofundishwa: kwamba aliyetengeneza, aliyeingiza na sisi tunaouza, kila mmoja ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa yeyote ambaye mtu mwenye akili zake angeona anaweza kudhurika, awe amenunua au ameazimwa. Nikamwambia maandishi ya kwenye karatasi hayazibi mpira unaovuja. Saa moja baadaye alikuwa anayashusha mabomba yote ya bluu kutoka kwenye shelfu, na ya kwangu akakubali kuyapokea. Nilirudi Korogwe nimesimama kwenye basi, maana gauni lilikuwa bado bichi, nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

La kumi na mbili na la kumi na tatu yalikuja yenyewe. La kumi na nne tulilifuata mimi na yule mama, ndani kabisa upande wa Handeni, kwa mzee mmoja ambaye alikataa katakata kulitoa. Alisema hajawahi kumiliki bomba zuri kama lile. Tukaomba kuliona. Pale kwenye kibano alikuwa amezungusha mpira wa baiskeli, tabaka juu ya tabaka, akaukaza kwa waya. Lilivuja siku ya kwanza, akalifunga, yakaisha. Haikumpitia akilini kwamba kitu kipya hakitakiwi kufungwafungwa. Tulikunywa uji kwake, tukabembeleza, mwisho akakubali kubadilisha. Tukiwa tunaondoka nilimwona ameanza kulizungushia mpira wa baiskeli na lile jipya.

Kumi na manne yote, na hakuna mwingine aliyeungua. Naweza kukaa siku nzima nikilirudia hilo. Mtihani wa marudio ulileta swali lilelile la kiti, sijui kama ilikuwa huruma ya mwalimu. Niliandika hadi nikaomba karatasi ya ziada.

Mwezi uliofuata kikundi kizima kilikuja Manundu kuchukua bomba lao jipya, wamevaa sare. Mwenyekiti alisema mbele yangu kwamba walimkosea mwenzao, na kuanzia siku hiyo huyo mwenzao ndiye atakayelitunza bomba. Yule mama alisimama wima, mgongo umepona, khanga kaifunga vizuri. Akataka risiti. Nikaiandika, mkono ukaenda kutafuta muhuri kwa mazoea, nikakumbuka kwamba nilishauchoma pamoja na takataka za dukani. Nikaandika chini kwa kalamu: likiharibika, lirudishwe. Akaniambia nisome kwa sauti ili wote wasikie. Nikasoma.

"Na atakayeumia bila risiti?" aliuliza.

"Naye aje, mama."

Akairudisha ile karatasi kwenye kaunta, akaigonga kwa kidole, palepale nilipokuwa nawagongea wengine muhuri.

"Liandike na hilo."

Wenzake wakapiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakachungulia, nami nikachukua kalamu nikaliandika.