Sauti ya Ndugu Yangu Iko Kwenye Video ya Kifo cha Mume Wangu

Naomba jina langu lisitajwe, maana huku Bumula tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mjane, na nauza maharagwe sokoni.

Mume wangu alikuwa akinunua mahindi Kitale na kuja kuyauza huku. Mwezi wa Februari alishikwa huko akiambiwa ameiba gunia. Gunia lilikuwa lake. Lile lililopotea lilipatikana baadaye kwa duka la jirani, lakini wakati huo alikuwa ameshapigwa mawe akafa. Ndugu yangu mdogo, ambaye hufanya kazi Kitale, ndiye aliyesimamia mazishi yote. Nilimshukuru mbele ya kanisa.

Majuzi mwenzangu wa sokoni aliniita pembeni. "Mama, kuna video watu wanarushiana kwa simu. Ni baba watoto. Lakini usiangalie."

Nikaangalia. Anayepiga picha haonekani, ila sauti yake inazidi zote. "Ongeza! Ongeza! Simama kama mwanaume, usitikisike!" Hayo ndiyo maneno ambayo ndugu yangu huwaambia vijana wetu wakienda kutahiriwa. Huitwa kila boma kwa sababu anajua kupandisha watu moto. Halafu mume wangu anainua uso, anaangalia simu, anasema, "Shemeji." Sauti inanyamaza. Picha inaendelea mpaka mwisho.

Sikulia. Nilirudisha simu ya watu nikaendelea kupima maharagwe. Mpaka leo sisikii kitu, hata hasira, na hiyo ndiyo inaniogopesha.

Nilimpigia ndugu yangu. "Dada, si mimi nilikuwa nyuma tu, bana? Sikurusha hata jiwe moja. Ningefanya nini na watu walikuwa wengi?" Nikamuuliza kwa nini hakuzima simu. Akakata.

Kisha afisa wa upelelezi akaja nyumbani na video hiyo hiyo. "Mama, huyu mwenye simu, vile anachochea, kwa sheria ni kama amepiga. Tunataka mtu wa kutambua sauti. Huyu shemeji ni nani?" Nikamwambia kwetu kila mtu ni shemeji. Akasema atarudi Jumatatu.

Kijana wangu wa kwanza anatahiriwa Agosti hii. Sisi Wabukusu, siku moja kabla ya kisu, kijana huenda kwa mjomba wake, akachinjiwa ng'ombe, na mjomba akamvika nyama shingoni kwa mkono wake mwenyewe. Akikosa hiyo, ni kama hana watu upande wa mama. Na mjomba ni huyo mmoja tu. Nikimtaja, atafungwa. Nisipomtaja, mkono ulioshika simu ndio utakaomvika mwanangu, na sauti ile ile ndiyo itakayomwambia asitikisike.

Jana jioni mtoto aliniuliza, "Mama, kwa mjomba tunaenda lini?" Nikamwambia ale kwanza.

Ninyi mnaosoma hapa, hasa mliozaliwa na ndugu mmoja tu kama mimi, niambieni. Jumatatu nimjibu nini yule afisa, na huyu mtoto nimjibu nini?