Makufuli Tisa ya Mzee Syahuka

Mzee Syahuka ni dalali wa nyumba hapa Bwera, na mdomo wake haujui likizo. Aliwahi kumuuzia mtu wa Kasese kiwanja cha mteremkoni kwa kumsifia theluji ya Rwenzori, kwamba ataiona kila asubuhi akipiga mswaki. Mawingu hakuyataja. Mimi nampenda huyu mzee, lakini siku aliyonihamisha nilimchukia kabisa.

Naitwa Immy. Nakaanga samaki kutoka Kahendero kwenye lango la Mama Vasta, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Mama Vasta ni mjane, na alikuwa anauza nyumba yake ili aende Kisinga kwa binti yake Pretty, aliyejifungua mapacha na hana wa kumsaidia. Haki yake kwenda. Ila mimi usingizi ulinipaa, maana lango lile ndilo linalosomesha watoto wangu, na mwenye nyumba mpya angeweza kunifukuza kwa neno moja.

Wateja watano walikuja, wakatazama, wakaenda zao. Ndipo Mzee Syahuka akasoma kwenye simu yake kwamba wanunuzi wa siku hizi wanataka kuonyeshwa usalama. Heri asingesoma. Kesho yake alikuja mapema, amevaa koti lake la harusini, akatundika kibao cha MBWA MKALI, ilhali mbwa wa Mama Vasta alishakufa miaka mitatu iliyopita. Chini ya kibao akaweka bakuli lenye mfupa. Akayapaka mafuta makufuli yote tisa ya nyumba ile mpaka yakang'aa, kisha akanigeukia mimi.

"Mama wa moshi, leo sogea kule kwenye kona. Nyumba ya usalama haina watu langoni."

Nilihama na jiko langu, na kuni zangu, na hasira zangu. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini mwenzangu alikuwa anahesabu makufuli.

Wateja wa siku hiyo walikuwa Afande Lokwang, sajini, na mkewe Acan. Lokwang alipewa uhamisho wa mbali, na Acan alitaka kuwatoa watoto kambini wakae kwenye nyumba yao wenyewe. Tangu aolewe hakuwahi kulala nje ya ua wa jeshi. Alikuwa anaogopa, na alikuwa anajitahidi isionekane.

Sauti ya Syahuka ilinifikia kule konani bila taabu. Aliwaonyesha vipande vya chupa juu ya ukuta, akawagongea nondo za madirisha moja moja, akalitaja kila kufuli kama anataja watoto wake. Lokwang akainama kwenye bakuli.

"Mzee, hii mbwa iko wapi?"

"Amepelekwa kwa daktari, afande."

"Na hii makufuli yote? Hii nyumba iko na adui gani?"

Mzee Syahuka akalifuta kufuli la karibu kwa mkono wa koti lake. Acan akarudi nyuma hatua mbili. Mama Vasta, aliyekaa kwenye kigoda uani, aliinamisha kichwa, kwa sababu aliona mteja wa sita anaondoka.

Syahuka aliwasihi waingie ndani kidogo tu, wasikie jinsi mtu anavyojifungia akatulia. Wakaingia. Akaufunga mlango wa chuma, nikasikia kufuli la kwanza, la pili, na kwenye la tatu, ka! Ufunguo umekatikia ndani. Mlango wa nyuma alikuwa ameufunga mwenyewe kwa nje, kwa kufuli kubwa kama ngumi, ili wateja walione wakizunguka.

Nikasikia mlango unatikiswa. Kisha uso wa Mzee Syahuka ukatokea kwenye nondo za dirisha.

"Immy, mwanangu."

"Mama wa moshi yuko kwenye kona," nikamjibu.

"Immy, nakuomba. Afande ananitazama vibaya."

Nilimaliza kwanza kugeuza samaki wangu, maana samaki hajali habari za madalali. Nilipofika akanipenyezea shada la funguo ishirini na kitu, zote zinateleza mafuta, na hakuna aliyejua upi ni wa wapi. Nikaliweka chini. Lile kufuli kubwa nalifahamu. Mama Vasta hulibana akisahau funguo ndani, na kila mara mimi ndiye ninayemfungulia. Ukiligonga ubavuni mara mbili kwa mpini wa kisu, ukalivuta, linaachia. Nikaligonga, likaachia.

Wakatoka. Lokwang akalichukua kufuli mkononi mwangu, akaligeuza, akakitazama kisu changu cha kuparia samaki. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini: nimemwonyesha mnunuzi kwamba kufuli kubwa linafunguka kwa kisu. Mama Vasta alijifunika mdomo kwa kitenge. Nilitamani ardhi inimeze.

"Wewe unakaa wapi?" Acan aliniuliza.

"Langoni. Ila leo tu ndiyo nimehamishwa."

Sote tukamtazama Mzee Syahuka. Yeye alitazama viatu vyake.

"Na sisi, umewahi kutuona?" Acan akaendelea.

"Juzi mlipita hapa mara mbili na pikipiki nyekundu. Ulivaa kitenge cha njano, na mtoto mgongoni alikuwa anakohoa. Nimekuwa najiuliza kama amepona."

Acan akacheka. "Amepona," akasema, kisha akamgeukia mumewe. "Hii nyumba nachukua. Lakini huyu mama arudi langoni leo leo."

"Mzee," Lokwang akasema kwa sauti ya gwaride, "beba kuni."

Na Mzee Syahuka akabeba kuni zangu, amevaa koti lake la harusini.

Mama Vasta yuko Kisinga, analea mapacha. Tulipoagana nililia na sijutii. Syahuka siku hizi akionyesha nyumba huanza na majirani, ya makufuli yanafuata. Juzi alikuja kuniomba nikakae asubuhi moja tu kwenye lango la nyumba nyingine anayouza. Nilimfukuza.

Acan alinunua kufuli jipya. Nililijaribu kwa siri, haliachii. Wiki ile aliyosafiri Lokwang, Acan alitoka nje amekunja kiganja, akaniwekea kitu mkononi.

"Hii funguo ni ya pili. Kaa nayo wewe."

Nimeufunga kwenye pindo la kitenge changu. Chumba ninachopanga mimi, mlango wake naufunga kwa kamba.