Jicho la mdogo wangu liligeuka ndani, nikasema tulifiche

Assalaam aleikum wakuu. Mimi ni bibi wa miaka themanini na ushei, vidole vizito, nivumilieni. Haya yalitokea nyumbani kwetu Kibokoni, huku pwani, miaka ya sitini, na sijayatia chumvi.

Mdogo wangu Salma alikuwa na miaka kumi na minane, ameposwa, harusi imebaki mwezi.

Asubuhi moja nikimsuka akaniambia, "Dada, nakuona u wawili. Nikifumba jicho moja, u mmoja."

Nikamgeuza uso. Jicho la kushoto lilikuwa limeingia ndani, limeelekea puani. Jana yake halikuwa hivyo. Kichwa kikimuuma pia, na kila akiamka anatapika.

Mama akasema ni husuda. Salma akasomewa, akafukizwa.

Mimi nikasema jambo ambalo mpaka leo linaniuma: "Tumfunike upande huo kwa mtandio. Wakwe wasione."

Tukamfunika siku ishirini.

Siku aliyojigonga mlangoni mchana kweupe, kama asiyeona, tukampeleka hospitali. Daktari akammulika machoni kwa kitaa kidogo. Kisha akasema, "Jicho lenyewe ni zima. Kuna kitu kichwani kinasukuma. Limeanza lini?"

Mama akanitazama. Nikajibu, "Juzi, bwana daktari."

"Siku ishirini," Salma akasema.

Wakuu, zama zile hakuna CT scan wala MRI. Akapigwa eksirei ya kichwa, ikaonyesha mifupa tu. Ubongo hauonekani. Daktari akatuambia Nairobi wana njia ya kuuona, lakini tusingoje.

Kesho yake tukapanda gari la moshi. Huko walimtoboa tundu kwenye fuvu, wakatia hewa ndani, ndipo wakapiga picha. Hewa ndiyo iliyoonyesha uvimbe ulipo. Siku ya pili wakampasua.

Alhamdulillahi, akapona. Jicho likarudi katikati, zuri kama zamani.

Lakini halioni. Wala lile la pili. Daktari akasema mishipa ya macho ilibanwa muda mrefu mno.

Posa ikavunjika. Wakwe walikuja kwa adabu, wakanywa kahawa, wakaondoka.

Salma aliishi miaka mingi baada ya hapo, akifundisha watoto Kurani kwa moyo. Hakunilaumu hata siku moja. Aliniuliza mara moja tu, sote tumeshakuwa wazee:

"Dada, siku ile ulipomwambia daktari limeanza juzi, uliogopa nini?"

"Watu," nikamwambia.

Akanipapasa mkono. Sikumwomba radhi siku ile, na sasa hayupo.

Kwa hiyo mtu wenu, mkubwa au mdogo, jicho likigeuka ndani ghafla, au akiona vitu viwili viwili, msimfiche. Mpelekeni siku hiyo hiyo, na muulizeni daktari kama anahitaji picha ya ubongo. Siku hizi anaingia kwenye mashine tu, hatobolewi.

Aliyepatwa na haya, au anayemficha mtu sasa hivi, aandike hapa chini. Nitasoma, na sitamhukumu.