Nilipoulizwa Habari za Wanawake wa Urusi

Mpaka leo, mwanangu, siku ile ya kikao kijijini kwetu Bwesumbu hainitoki akilini. Tulikuwa tumemaliza matanga ya baba yangu mkubwa, Masereka, aliyesomea mitambo Urusi akarudi kwenye migodi ya Kilembe na mke wa huko. Tulimwita Mama Luda. Alijifunza Kiswahili chetu hiki cha mlimani, akapanda kahawa na mumewe kwenye mteremko. Hawakujaliwa mtoto.

Kwa desturi yetu, matanga yakiisha wanaume wa ukoo hukaa kuamua mambo ya marehemu. Mjane hurithiwa na shemeji yake, la sivyo hurudi kwao. Mama Luda alikataa kurithiwa, na kwao ni mbali. Aliomba kitu kimoja tu, abaki katika nyumba ile na kahawa yake.

Mzee Kule, mkubwa wa ukoo, akanigeukia. Nilikuwa nimetoka shuleni Bwera, sare ingali mwilini.

"Bwambale, wewe nasoma histori. Wanawake ya Urusi inaweza shamba bila mwanaume?"

Ningeweza kusema sijui. Kitabu chetu kilijaa wafalme na majenerali, nami nikaona kwamba wasiokuwemo kitabuni hawakufanya kitu. Nikasimama, nikakohoa kama mwalimu.

"Hapana, wazee. Kule wanaume ndio walipigana, ndio walijenga. Wanawake walikaa ndani, sababu ya baridi."

"Kumbe Masereka alioa pazia!" mmoja akasema, na kikao kizima kikacheka.

Mama Luda alikuwa nyuma, walikokaa wanawake. Mwanamke hasemi pale bila kuitwa. Akasimama.

"Mutoto yangu, nani ilikufundisha hiyo? Vita ilikula wanaume yetu, ikakula na farasi. Nyanya yangu na wenzake ilifunga kamba kwa mabega, ikavuta plau kama ng'ombe, ndiyo askari ikakula mkate. Dada yake ilirusha ndege ya vita. Na zamani, mbele ya vita hiyo, wakati mfalme ilianguka, nani ilianza? Wanawake ya kiwanda. Ilitoka barabarani kudai mkate, wanaume ikafuata nyuma."

"Kijana amesoma," Mzee Kule akamjibu. "Wewe unajitetea tu."

Shemeji yake akapewa shamba na nyumba.

Nilijua anasema kweli. Miaka ya nyuma, waasi walipouvamia mlima na sisi vijana tukakimbilia mjini Kasese, yeye na mama yangu ndio waliobaki wakivuna na kutushushia ndizi. Neno moja tu, "nimekosea", lingetosha kuwafanya wazee wafikiri tena. Sikulisema. Nilitaka waendelee kuniita msomi.

Kesho yake aliteremka na begi moja, akapanga chumba Bwera, akawa anashona nguo sokoni. Mimi nikaanza kutangatanga, Butembo, Kampala, Juba, na popote nilipolala nilikumbuka vilima vya kwetu, kisha nikaona haya kuvirudia. Mwaka jana nikajikaza, nikaenda Bwera kumwomba radhi. Kwenye cherehani yake nilimkuta mama mmoja wa Beni, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, aliyefundishwa kushona na yeye.

"Mama alikufaka, papa," akaniambia. "Ni siye tulimuzika. Tulitafuta bandugu yake, hatukuona mutu." Akanitazama vizuri. "Weye uko nani yake?"

Nilimshika mkono, mwanangu. Nikamshukuru, nikaondoka.

Basi nisikilize. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, hata wazee wakikutazama. Ukisoma historia ya taifa lolote usione wanawake, usidhani hawakuwepo. Uliza nani alilima wanaume walipokwenda vitani, nani alizika, nani alisimama barabarani watoto walipolala njaa. Anza na nyanya yako mwenyewe, leo, angali anaweza kukujibu. Na ukimkosea mtu mbele ya watu, msafishe mbele ya watu hao hao, kabla hawajatawanyika.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, akujalie maskani usiyoikimbia, na siku utakayoulizwa wewe ni nani wa fulani, uwe na jibu.