Kamba Iliyoambiwa Itie Nguvu

Mama mmoja wa Buterere, msokota kamba, alikuja maabarani kwetu na kamba moja tu ya katani. Mume wake ni mwashi. Kwenye shantye yao, pale wanapojenga, matofali hupandishwa ghorofani kwa kamba, naye ndiye husimama chini kuyafunga. Shefu wa ujenzi alikuwa amesema kamba za mama hazitaguswa kabla hazijapimwa.

Mashine yetu ya kuvuta hujiendesha. Unaiambia unachotaka, nayo inajipima, inalinganisha, inajisahihisha, tena na tena. Ukiiweka kwenye mwendo, inavuta kwa kasi ileile, kamba ipende isipende. Ukiiweka kwenye nguvu, inatafuta uzito ulioitajia. Ikikuta kamba imelegea, inakimbia kuutafuta. Skrini inaongea Kifaransa, lakini mimi na mwenzangu tunasema "mwendo" na "nguvu" tu. Kamba huanza kwa mwendo. Hilo hata usingizini nalijua.

Mwenzangu alikaa kwenye kompyuta, mimi nikabana kamba kwenye taya za mashine. Ikaanza kuvuta taratibu, kamba bado imelegea. Mama, aliyesimama nyuma yangu, uvumilivu ukamwishia. Akaipigia makofi kamba yake.

"Tia nguvu! Tia nguvu!"

Mwenzangu, macho kwenye skrini, alisikia sauti ya mwanamke akadhani ni mimi. Akatia nguvu.

Mashine ikachomoka. Nilikipiga kitufe chekundu cha kuisimamisha kwa kiganja kizima, nikamfokea mwenzangu.

"Nani amekwambia ubadilishe?"

"Si ni we umesema, dada? Tia nguvu!"

"Apana, ni mi," mama akasema. "Nilikuwa naongea na kamba!"

Nina hasira za karibu, lakini siku ile kicheko kilinishinda. Tulicheka wote watatu mpaka mwenzangu akafuta machozi.

Nikaikagua kamba uzi kwa uzi, ilikuwa salama. Tukaanza upya, kwa mwendo, mama amejiziba mdomo kwa kitenge. Uzito alioutaka shefu ukafikiwa, ukapitwa. Nilifurahi kana kwamba nimeisokota mwenyewe. Nikamwambia mama tuishie hapo, arudi na kamba yake nzima.

"Apana. Endelea mupaka ikatike. Mi nataka kujua mwisho wake."

Ikavutika, ikalia, ikakatika mbali sana juu ya uzito wa shefu. Mama akaokota vipande, uso unang'aa, akampigia mume wake simu.

"Papa, kamba iko nguvu! Imewashinda wote hapa!" Akavitazama vile vipande mkononi. "Lakini we usisimame chini yake."